Mnyoo wa Ncha Nyeupe Katika Mpunga

Mabibi na mabwana, wataalamu wenzangu na wakulima mliofika, leo nitamzungumzia mnyoo mmoja tu, Aphelenchoides besseyi, ambaye urefu wake haufiki milimita moja. Wengi wenu mnawafahamu minyoo fundo wanaovimbisha mizizi ya nyanya. Huyu hana haja na mizizi. Makao yake ni machipukizi, na kinywani ana sindano nyembamba ambayo huichoma katika seli na kufyonza vilivyomo. Sindano hiyohiyo hutoboa nyuzi za kuvu, ndiyo maana maabara huweza kumfuga juu ya kuvu kama Alternaria bila jani hata moja.

Katika mpunga hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja. Jani likifunguka, ncha yake, sentimita 3 hadi 5, huwa nyeupe, kisha hukauka na kuchanikachanika. Jani la mwisho hujipinda, na suke hutoka fupi, lenye punje tupu au zilizopinda. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba baadhi ya aina za mpunga humbeba bila dalili yoyote, hivyo shamba la kijani si ushahidi wa mbegu safi.

Suke likichanua, minyoo huingia ndani ya maganda ya punje, na kuvu inayoota humo huweza kuwalisha wakati punje inakomaa. Punje ikikauka polepole, nao hukauka, hujikunja na kusimamisha shughuli za uhai, na katika hali hiyo hudumu ghalani miaka 2 au zaidi, mpaka mbegu ilowe tena kitaluni.

Tiba ya maji moto huanzia hapo. Mnyoo mkavu huvumilia joto kuliko aliyelowa, kwa hiyo mbegu hulowekwa kwanza katika maji baridi kwa saa 18 hadi 24, ndipo hutiwa katika maji ya nyuzi 51 hadi 53 za Selsiasi kwa dakika 15. Joto likipungua, minyoo husalia. Likizidi, mbegu hufa. Naomba kipimajoto kisikosekane, maana mkono hauwezi kuzitofautisha nyuzi hizo. Mbegu ikitoka humo hupandwa mara moja, au hukaushwa vizuri kabla ya kuhifadhiwa.

Kuikagua mbegu hakuhitaji mitambo mikubwa: punje hupasuliwa maganda, hulazwa majini usiku kucha, na minyoo waliotoka hutazamwa kwa hadubini. Kwetu, ambako wakulima wengi hupanda mbegu waliyoitunza wenyewe au kupewa na jirani, naona kila kikundi kinachozalisha mbegu kinastahili kupata ukaguzi huo kabla ya kugawa gunia la kwanza.