Kiwanja chenye kimo cha sifuri

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa uhandisi na marafiki wa urubani. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Jambo yenu wote. Ba papa, ba mama, wanafunzi, asanteni kwa kuja na joto hili la Oktoba. Nitapaza sauti kidogo maana jenereta la jirani nalo limekuja kutusikiliza.

Mliniomba niseme programu gani ya GPS inamfaa mtu anayerusha glaida. Mnataka jina, tulitaje, tukale bukari, ugali wetu. Jina nitawapa, halitachukua muda. Lakini miaka niliyoruka Afrika Kusini, fundi wa magari wiki nzima na rubani wa Jumamosi, sikuona hata mtu mmoja aliyeangukia shambani kwa kuchagua programu mbaya. Niliowaona, na mimi nimo, waliiambia programu nzuri jambo la uongo, nayo ikawaamini.

Kwa wasioijua, glaida ni ndege isiyo na injini. Inavutwa juu na ndege nyingine au na winchi, kamba inaachiwa, na kuanzia hapo inashuka. Inashuka daima, hata pale mnapoiona inapanda: hewa moto inayotoka ardhini ndiyo inapanda haraka kuliko ndege inavyoshuka ndani yake. Mwewe wanaozunguka juu ya soko bila kupiga bawa wanafanya kazi hiyohiyo. ASK 21, glaida ya Kijerumani ya viti viwili ambayo wengi tumejifunzia, ina mtelezo wa 34 kwa 1. Ukiwa mita 1,000 juu ya ardhi, hewa imetulia, utafika kilomita 34. Kwa hiyo rubani ana swali moja: kutoka hapa nilipo, nafika? Mengine yote kwenye kioo cha simu ni mapambo.

Swali hilo ni jepesi kuuliza, gumu kujibu. Ruka kwa kilomita 90 kwa saa, upepo wa 20 ukupige usoni: zile 34 zimebaki 26. Ondoa upepo, ila pita kwenye hewa inayoshuka mita 1 kwa sekunde: zimebaki 14. Zamani watu walipiga hesabu hii kichwani, ramani ikiwa imechorwa duara za penseli kuzunguka kila uwanja. Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956, alituachia kanuni ya kuamua uende kasi gani kati ya hewa moja inayopanda na nyingine. Mkiona herufi MC kwenye programu yoyote ya glaida, ni jina lake. Ukiweka MC kubwa, unasema hewa ya mbele ina nguvu, kwa hiyo kimbia. Ukiweka sifuri, unasema nataka tu kufika mbali kadiri inavyowezekana. Nimeona vijana wanaweka kubwa kwa sababu inaonekana ya kiume.

Sasa majina. XCSoar ni ya bure na msimbo wake umekuwa wazi tangu 2005. LK8000 ilizaliwa kutoka humohumo. SeeYou Navigator inatengenezwa na kampuni ya Naviter ya Slovenia, ni nzuri sana, na inalipiwa. XCTrack inapendwa zaidi na watu wa parashuti za kuteleza milimani. Mimi nasema chukueni XCSoar. Inakaa kwenye simu ya Android ya kawaida, haidai pesa kila mwaka kwa kadi ya benki ambayo wengi wetu hatuna, na mtoto wa polytechnique akikuta kosa ndani yake anaweza kufungua msimbo na kulirekebisha. Jina mmelipata.

Papa mmoja amenong'ona hapa mbele: na huko juu, bando la intaneti linatoka wapi? Halihitajiki. Simu haiongei na setilaiti, inasikiliza tu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, kila moja inataja saa na mahali ilipo, na simu ikizisikia nne inajua iko wapi na kwa kimo gani. Mtandao unaisaidia tu kuanza upesi. Bila mtandao, simu iliyolala muda mrefu huchukua dakika kadhaa kabla ya kujipata, kwa hiyo iwasheni mkiwa bado chini, nje, mbali na paa la mabati. Ramani na faili zote mzipakue mjini, siku umeme upo.

Kuhusu simu yenyewe nitapita haraka. Adui ni jua. Chini ya kifuniko cha plastiki cha glaida simu inapata joto, inapunguza mwanga, halafu inajizima, na haiombi ruhusa. Ifungeni mahali penye kivuli na upepo, na pawabenki ndogo kando. Wapo wanaotumia Kobo, kile kifaa cha kusomea vitabu, maana XCSoar inafanya kazi humo na kioo chake kinasomeka zaidi kadiri jua linavyowaka. Inabidi uiunge na kipokezi cha GPS kwa waya. Anayependa kushika chuma cha kuchomelea atafurahi.

Tufike kwenye faili, maana hapa ndipo Katanga yetu na Ulaya zinapoachana. Rubani wa Ujerumani anapakua faili moja asubuhi, na viwanja vyote vya nchi yake vimo, vimekaguliwa na mamia ya watu kabla yake. Sisi tunapakua nini? Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, Kolwezi, viwanja vichache vya migodi na vya misheni, vingine vimeota miti. Faili letu itabidi tuliandike wenyewe, mstari kwa mstari: jina, latitudi, longitudi, kimo, mwelekeo na urefu wa njia. Ni maandishi tu, hata programu ya kawaida ya majedwali inalifungua. Ugumu wake ni kusema kweli.

Niwaambie nilivyojifunza. Ilikuwa Free State, Afrika Kusini, kwenye klabu ambayo siitaji. Asubuhi niliongeza kiwanja kwa mkono kwenye programu ya zamani niliyotumia siku hizo. Nilikuwa na haraka, sehemu ya kimo nikaiacha na sifuri. Kiwanja kile kiko mita 1,400 juu ya bahari. Mchana nikawa kilomita 20 kutoka hapo, nikiwa na mita 1,900 juu ya bahari. Hesabu ya kweli: nina mita 500 juu ya kiwanja, na kwa mtelezo wa 34 nahitaji karibu 590. Sifiki. Programu yangu ikatoa zile 590 kwenye 1,900 na kuniambia, kwa rangi ya kijani kibichi nzuri kabisa, kwamba nitafika nikiwa na mita 1,300 mkononi. Nikaipita hewa nzuri iliyokuwa inapanda, kwa kiburi, maana kijani kilikuwa kijani. Ardhi ilianza kukua. Ng'ombe wakawa na masikio. Nilishuka kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, ndege nzima, mimi mzima, heshima imevunjika.

Mwenye shamba, mzee wa Kiboer, akaja na pikapu yake. Akazunguka ndege mara moja, akatafuta injini, hakuiona. Akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu bila kufikiri: Kongo. Akaitazama tena ndege, akanitazama mimi, akasema: "Kwa hii?"

Chekeni. Sasa leteni hesabu ile hapa. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Ukiandika sifuri, umejipa mita 1,300 ambazo hazipo, na kwa mtelezo wa 34 hizo ni kilomita 44 za hewa ya kuota. Programu nyingine zikikuta nafasi tupu zinachukua kimo kutoka ramani ya ardhi. Lakini sifuri si nafasi tupu. Sifuri ni jibu, na umelitoa wewe.

Makosa ya latitudi yana tabia zake. Kubwa linajifichua: ukiandika kaskazini badala ya kusini, Luano inahamia Kordofan huko Sudan, zaidi ya kilomita 2,500, utacheka na kurekebisha. La kati ndilo baya. Ramani ya simu inasoma Luano kuwa nyuzi 11.59. Hizo ni nyuzi na sehemu ya mia, si dakika. Kwa dakika ni 11 na 35. Mtu akiandika 11 na dakika 59, uwanja umekwenda kusini kilomita 44 hivi, kuelekea mpaka wa Zambia. Ndiyo, 44 tena, sikupanga. Halafu kuna ramani za karatasi za wakati wa Mbelgiji, bado ziko kwenye makabati humu mjini, zinapendeza. Zilipimwa kwa msingi wa zamani wa kuipima dunia, wakati GPS inatumia msingi mwingine uitwao WGS 84, na tofauti yake hapa kwetu inapita mita 100. Kwa kutafuta kijiji haina neno. Kwa kutafuta njia nyembamba ya kutua ndani ya miombo, mita 100 ni miti.

Na picha za setilaiti je? Hapa ndipo vijana hunikasirikia. Mnaona eneo la rangi moja, refu, tupu, mnaliita kiwanja. Nendeni kwa pikipiki. Mtakuta vichuguu. Sisemi vile vya kukwaza mguu, nasema vya kwetu, vyenye miti juu yake, vingine virefu kuliko nyumba. Mabawa ya ASK 21 ni mita 17 ncha kwa ncha. Na yale mabonde ya nyasi tunayoita dembo yanavutia kutoka juu, lakini baada ya mvua gurudumu linazama. Kwa hiyo kwenye faili langu kila kiwanja kina tarehe niliyokikanyaga. Kisichokanyagwa kina jina linaloanza na "labda". Programu haielewi neno hilo. Mimi naelewa.

Vilivyobaki ni vichache. Chagueni pola ya ndege yenu halisi, yaani jedwali linaloonyesha inashuka kiasi gani kwa kila kasi, kisha muishushe kidogo, maana ndege ya klabu ina wadudu kwenye bawa na rangi iliyochakaa. Kimo cha akiba cha kufikia kiwanja mimi naweka mita 300, sikipunguzi hata nikiombwa. Kabla ya kuruka weka shinikizo la hewa la siku hiyo, au hakikisha kimo kinachoonyeshwa kinalingana na cha uwanja uliosimama. Visanduku vya namba viwe vinne au vitano, si kumi na viwili. Msimu wa moto wa pori moshi unafunga upeo wa macho, na mtu anashawishika kuishi ndani ya kioo. Ndege ya mwenzako haimo kwenye kioo hicho. Na simu haitoi ruhusa ya kuingia anga ya uwanja. Ruhusa inaombwa kwa wenye anga.

Swali la mwisho, kijana wa nyuma. "Papa, hatuna glaida. Tufanye nini na haya yote?"

Swali zuri, maana mimi pia hapa sina. XCSoar ikifunguka inauliza unataka kuruka au kuiga. Chagua kuiga, utaruka kutoka kiti hicho. Na faili halihitaji ndege, linahitaji pikipiki na daftari. Haya, toeni simu. Tuanze na terili, ule mlima wa mabaki ya kuyeyusha shaba, kila mtu anaiona kutoka dirishani. Nani ananipa latitudi yake, kwa nyuzi na dakika? Na kimo, tafadhali. Cha chini, si cha juu ya moshi.