Mkono Ulioingia Mfukoni

Walimu wenzangu, nanyi vijana mliokaa nyuma, nimelisema hili la maradhi ya ulaji kwa wanafunzi wetu mara nyingi na leo nalirudia. Mwanafunzi wa udaktari akiruka mlo ili asome, tunamsifu. Anaingia wodini alfajiri tumbo tupu, anatoka usiku, na hakuna anayemuuliza amekula nini.

Siku moja nilikuwa nikifundisha kando ya kitanda cha mgonjwa. Nikaeleza dalili aliyoiandika daktari wa akili Gerald Russell mwaka 1979 alipoibainisha bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha, mara nyingi, kujitapisha: sugu kwenye vifundo vya vidole, pale meno yanapokwaruza mtu anapojitapisha. Wote wakainama kuandika. Mmoja akaweka kalamu chini, akauingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na mkono ule haukutoka mpaka tulipomaliza. Niliuona! Nikanyamaza, nikaendelea na potasiamu, madini yaliyomo damuni, jinsi inavyoshuka kwa kutapika mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Nilikuwa namsomesha mtu somo ambalo pengine lilikuwa ndani ya damu yake asubuhi ile. Ukimya wangu ule unaniuma hadi leo.

Mtasema hakuwa amekonda. Kweli, hakuwa. Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida, na ukingoja mifupa ijitokeze utawakosa. Mtasema tena kwamba hawa wanasoma lishe, wanajua madhara. Jamani, kujua hakumkingi mtu! Kunampa hesabu ya kalori, na kunampa majibu ya kumpoteza daktari anayemuuliza.

Uchambuzi uliojumuisha tafiti za nchi kadhaa, uliochapishwa 2019, ulikadiria kuwa takriban mwanafunzi 1 kati ya 10 wa udaktari yumo hatarini kupata maradhi ya ulaji. Hatarini, nasema. Dodoso la EAT-26, lenye maswali 26 kuhusu mtazamo wa mtu juu ya kula, likikupa alama 20 au zaidi, linakuambia ukapimwe. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa na mtaalamu aliyekaa nawe na kukusikiliza.

Wasiwasi, sonona, kutoridhika na umbo, ile hamu ya kutokosea hata kidogo: hayo yanajulikana kuambatana na maradhi haya, sitayachambua, muda umenitupa mkono. Ninaomba mawili tu. Ratiba ya wodi iwe na saa ya kula isiyoguswa na mtu. Na mshauri wa wanafunzi asiwe miongoni mwa watahini wao, maana yule kijana hakuwa na mlango wa kubisha ambao nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumpa alama.