Maksi za watoto zisikae kwenye email ya mwalimu mmoja

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi. Afisa elimu wetu, wakuu wa shule, walimu wa taaluma, wahasibu, asanteni kwa kuja. Nimepewa nafasi niongelee kuhifadhi mafaili ya shule kwenye klaudi, yaani hifadhi ya mtandaoni, na naomba nianze na swali ambalo semina nyingi huwa hazilifikii kabisa: hiyo akaunti ni ya nani?

Maana nikiuliza hapa wengi mtasema kwetu bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo, mwalimu wa taaluma anaweka kwenye Google Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google. Sawa, Drive ya nani? Ya kwake. Email ya kwake, namba ya simu ya kwake, nywila anaijua peke yake. Sasa akipata uhamisho, akiugua, au Mungu akimchukua, shule imebaki na nini? Hili nimelikuta kwenye shule zaidi ya moja, matokeo ya kidato cha pili mpaka cha nne yapo salama kabisa mtandaoni ila ofisini hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuyafungua, na mwalimu mwenyewe hana kosa lolote, alijitolea kwa bando lake na hakuna aliyemuuliza. Na jueni pia, kuanzia Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2, zinaondoka na kila kilichomo.

Kwahiyo akaunti iwe ya shule. Kama shule ina jina lake la mtandao, haya yanayoishia na .sc.tz, ombeni Google Workspace for Education, huduma ya Google kwa ajili ya shule, ile ya daraja la mwanzo ni bure kwa shule inayokidhi vigezo, mnapata TB 100 za kutumia shule nzima, na ndani yake kuna diski za pamoja ambapo faili likishawekwa ni mali ya shule, mwalimu akihama linabaki palepale. Kama hamna, fungueni Gmail ya kawaida kwa jina la shule, ina GB 15 za bure ila zinagawanwa na email na picha. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ya bure ni GB 5, kwa maksi na barua bado inatosha.

Namba ya kurejesha akaunti iwe laini ya ofisi. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, yaani baada ya nywila akaunti iombe uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu. Nywila waijue watu wawili, mkuu na mwalimu wa taaluma, alafu iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, ifungiwe kwenye kabati la chuma la mkuu wa shule. Kuna watu wa kompyuta watanipinga kwenye hilo la karatasi, mimi nalisimamia, wanaoiba akaunti mtandaoni hawafiki kwenye kabati lenu, na shule nyingi zimepoteza akaunti kwa kusahau nywila tu.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri. Ile folda ya kwenye laptopu inayojipandisha yenyewe mtandaoni ni nzuri, hata umeme ukikatika au bando likiisha inasubiri alafu inaendelea, lakini ukifuta faili kwenye laptopu na mtandaoni linafutika. Ukikosea huku, kosa linaenda kule. Hata kirusi kama kile cha WannaCry cha Mei 2017, kilichofunga mafaili ya watu kwenye nchi zaidi ya 100 na kudai dola 300 kwa kila kompyuta, kikiingia kwenye laptopu ya shule yale mafaili yaliyoharibika ndio yatakayopandishwa.

Angalieni kwenye skrini. Hili ni faili la ada, la mfano tu. Nafuta malipo ya darasa zima, naseva, nafunga. Mhasibu amechoka, saa kumi na moja jioni, inatokea. Sasa naingia Drive, nabonyeza faili kitufe cha kulia cha mausi, naenda kwenye matoleo, yaani nakala za zamani za faili hilohilo, mnaona yanavyojipanga kwa tarehe na saa, nachukua la asubuhi, napakua, malipo yote yamerudi. Ila haya matoleo kwa faili la Excel yanakaa siku 30 au mpaka yafike 100, na faili lililofutwa linakaa kwenye pipa la taka siku 30 tu. Kosa la Januari mkiligundua Aprili wakati mnaandaa ripoti, hamna kitu tena. Ndio maana kila muhula ukifungwa nakilini folda nzima, ipeni jina la mwaka na muhula, isiguswe tena, na nakala yake iende kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta.

Na hiyo eksteno isikae droo moja na laptopu, maana mwizi akiingia anabeba vyote. Machi 10, 2021 kituo cha kuhifadhi data cha kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu zao zilikuwa eneo hilohilo. Kwa hapa kwetu mnakumbuka Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ikawa shida Tanzania nzima, aliyekuwa na maksi mtandaoni peke yake alikaa kusubiri.

Swali la bando najua linakuja. Faili la maksi la darasa la watoto 60 mara nyingi halifiki KB 100, GB 1 inapandisha mafaili kama hayo karibu 10,000. Kinachokula bando ni picha na video za mahafali, hizo wekeni kwenye eksteno, sio lazima ziende klaudi. Anzeni na rejista ya uandikishaji, maksi, hesabu za ada na barua za walimu.

Na tafadhali sana, msishee folda kwa linki inayofunguliwa na yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023 na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Majina, namba za wazazi, mtoto anayetumia dawa, mnazirusha kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 200? Mpe ruhusa mtu kwa email yake, na akihama mtoeni siku hiyohiyo.

Haya, kila shule ifungue laptopu yake. Tengenezeni faili moja la majaribio, lipandisheni, lifuteni, alafu mlirudishe wenyewe bila kuniita. Nitapita meza kwa meza, na wakuu wa shule nyinyi ndio mshike mausi.