Samaki Mfu Kwenye Mashine: Ubongo Mbele ya Hakimu

Hamjambo wasaidizi wa kisheria wa Kisumu, na poleni na jua. Mmeniita nizungumzie ubongo na sheria. Mimi nitaanza na samaki.

Mwaka 2009 watafiti huko Marekani walionyesha kazi moja ya kuchekesha. Walimlaza samoni ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, wakamwonyesha picha za watu, wakamuuliza wale watu wanahisi nini. Samaki mwenyewe alikuwa ameshakufa. Naona akina mama wa Dunga, ule ufuo wa samaki, wanacheka, lakini ngojeni: kwenye picha, vidoa kadhaa viliwaka ndani ya ubongo wake! Hakufufuka. Mashine hupima maelfu ya vijisehemu kwa mpigo mmoja, na katika maelfu hayo vichache huonekana kuwaka kwa bahati tu. Walipofanya hesabu ya kuondoa bahati hiyo, vidoa vyote vikapotea. Hilo ndilo walilotaka wenzao walione.

Na hata kwa binadamu aliye hai, ile rangi nyekundu mnayoiona magazetini si fikra. Ni kompyuta imepaka rangi mahali ambapo oksijeni ya damu imebadilika.

Sasa mtu akikwambia kuna mashine ya kunasa uongo kwa picha za ubongo, mkumbuke samaki. Mwanasaikolojia mmoja Marekani, aliyeshtakiwa kwa ulaghai wa malipo ya bima ya afya, alipimwa hivyo. Kipimo kimoja kilimtoa mwongo. Kikarudiwa, kikamtoa mkweli. Mahakama ilikataa ushahidi huo, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo.

Je, sayansi hii haina faida kortini? Inayo, tena kubwa, ila si pale watu wanapoitafuta. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo hutusaidia kujizuia, na huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kumhukumu mtu kifo kwa kosa alilotenda kabla ya miaka 18; mwaka 2012, ikizungumzia kifungo cha maisha kwa watoto, ikaitaja sayansi ya ubongo waziwazi. Hakuna jaji aliyehitaji picha ya kichwa cha kijana fulani.

Kwetu, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Na katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, ikataja umri, majuto na uwezekano wa kurekebika miongoni mwa mambo ya kupimwa.

Kwa hiyo mkimhudumia kijana wa miaka 19 aliyekamatwa Kondele, msihangaike na MRI. Tafuteni dalili za ubongo ulioumia. Muulizeni: umewahi kuanguka na boda ukazimia? Una kifafa? Tangu lini mama yako anasema umebadilika? Kisha kadi ya hospitali itafutwe mapema, maana baada ya miaka miwili hakuna atakayejua ilienda wapi.