Alama za > na < katika utafutaji: chumba cha 60,000 kimeingiaje?

Ndugu mtazamaji, karibu. Fungua SQLite, programu ya hifadhidata, kwenye kompyuta yako, kisha tazama jedwali hili la vyumba vya kupanga hapa Dar es Salaam, ambalo nimelitunga kwa ajili ya somo hili: Sinza 250000, Kijitonyama 120000, Temeke 100000, Tabata 90000 na Mbagala 60000, zote zikiwa ni shilingi kwa mwezi.

Kwanza andika SELECT * FROM vyumba WHERE bei > 100000; ukiiweka na hiyo nukta-mkato ya mwisho. Kisha bonyeza Enter. Vinatoka vyumba viwili tu, kwa sababu alama ya > peke yake haichukui bei iliyo sawa na kikomo. Ongeza alama ya sawasawa, iwe >=, na cha Temeke nacho kitaingia. Usiigeuze ikawa =>, maana itakataliwa.

Hadi hapo hakuna gumu. Sasa ninabadili jambo moja: safuwima ya bei, ambayo ilikuwa INTEGER, yaani namba kamili, ninaitengeneza upya iwe TEXT, yaani maandishi, kama inavyotokea mara nyingi tunaponakili orodha ya dalali kutoka kwenye simu. Rudia ulizo lile lile la >=. Vyumba vyote vitano vimetoka, hata cha Mbagala! Programu haijakosea, inalinganisha maandishi kama kamusi inavyopanga maneno, herufi baada ya herufi kuanzia kushoto, na kwa kuwa 6 huja baada ya 1, basi 60000 inahesabiwa kuwa kubwa kuliko 100000, bila kujali kwamba namba ya pili ina tarakimu nyingi zaidi.

Ili kugeuza maandishi kuwa namba, baada ya WHERE andika CAST(bei AS INTEGER) >= 100000, na utabaki na vyumba vitatu. Ila kama dalali aliandika 250,000 kwa mkato, ubadilishaji huo utaishia kwenye mkato na kubakiza 250, na chumba cha Sinza kitakuwa na bei ya andazi. Ondoa mikato kwanza kwa REPLACE(bei, ',', '').

Mwisho, ongeza chumba cha Kigogo ambacho bei yake umeiacha NULL, yaani haijulikani, kwa kuwa mwenye nyumba anasema ni maelewano. Ukitafuta kwa >= 100000 hakipo, na ukitafuta kwa < 100000 hakipo vilevile, kwani thamani isiyojulikana hailinganishwi na namba yoyote. Hata bei = NULL haileti kitu. Andika bei IS NULL, nacho kitatokea.