Hatari Imehama: Kutoka Mawimbi ya Simu Hadi Betri Yake

Mabibi na mabwana,

Abiria wengi wakiambiwa waweke simu katika hali ya ndegeni hutii, kisha hudhani wajibu wao umekwisha. Leo naomba tuitazame betri iliyomo ndani ya simu hiyo, kwa kuwa siku hizi hofu kubwa ya wataalamu wa usalama wa anga iko hapo.

Katazo la zamani la kutumia simu ndegeni lilihusu mawimbi ya redio. Simu inapotafuta mtandao huongeza nguvu ya mawimbi yake, na rubani anaweza kusikia mkwaruzo masikioni anapozungumza na waongozaji wa ndege. Baada ya uchunguzi mrefu, mamlaka ya anga ya Marekani ililegeza masharti Oktoba 2013, na ya Ulaya ikafuata mwaka huohuo.

Betri ya lithiamu ni jambo zito zaidi. Ikipondwa, au ikiwa na kasoro tangu kiwandani, seli moja, yaani kijisehemu cha betri kinachohifadhi umeme, hupata joto kali, joto hilo likaiwasha seli ya jirani, na moto ukaweza kurudi hata baada ya miale kuzimwa; ndiyo maana wahudumu hufundishwa kuimwagia maji mengi ili ipoe. Kazi hiyo hufanyika palipo na watu, haifanyiki kwenye shehena chini ya sakafu, na kwa sababu hiyo pawabenki (betri za kubebeka za kuchajia simu) na betri za akiba lazima zisafiri na mwenyewe. Kikomo cha kawaida cha betri moja ni wati-saa 100, kipimo cha nishati inayoweza kuhifadhiwa ndani yake. Kuanzia hapo hadi 160 huhitajika idhini ya shirika la ndege. Pawabenki yenye miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa.

Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea kiwanjani Gimhae, Korea Kusini, kabla ya kuruka, moto ukianzia kwenye kabati la juu ya viti. Watu wote walitoka wakiwa hai. Wachunguzi walieleza kwamba huenda chanzo ni pawabenki, na kuanzia Machi nchi hiyo ikakataza kuziweka katika makabati hayo, mahali ambapo moshi huchelewa kuonekana.

Nawasihi jambo moja zaidi. Simu ikikuponyoka na kuzama pembeni mwa kiti, usikilaze wala kukiinua kiti ukiitafuta, kwa maana vyuma vilivyo chini yake vinaweza kuiponda betri. Tulia, mwite mhudumu, umwonyeshe ilipoingia.