Usikubali Kuambiwa "Piga Kesho"

Asalaam aleikum, hamjambo nyumbani Uganda. Bombo, Arua, Kampala, Jinja, na nyinyi wa Koboko mnaongoja umeme urudi ndipo mnitazame, salaam zenu zote nimezipata. Leo sina soko wala theluji ya kuwaonyesha. Nimekaa jikoni kwangu hapa Leicester, kuna jambo limenikaa kooni, na leo nalitoa lote.

Ni habari ya kumwona daktari huku Uingereza. Najua wengi nyumbani mnaamini mtu akishavuka bahari, akiumwa anakwenda tu, daktari anamngoja. Mjomba wangu aliniambia kwa simu, "Nyinyi huko mnatibiwa kama mawaziri." Mjomba, heshima yako iko palepale, lakini hebu nisikilize.

Huku kila mtu anajiandikisha kwenye zahanati ya eneo lake, kwa daktari wa familia, wenyewe wanamwita GP. Huwezi kuamka tu ukaenda kumwona daktari wa moyo au wa mifupa kwenye hospitali kubwa. Lazima kwanza huyu wa familia akuandikie. Kwa hiyo ukimkosa yeye umewakosa wote. Na sehemu nyingi kumpata ni kwa simu, saa 2 asubuhi, laini zinapofunguliwa. Saa 2 kamili mtaa mzima unapiga. Mashine inakushukuru kwa kupiga, inakwambia uko nyuma ya watu kadhaa, kisha muziki. Muziki uleule, unakatika kila mara ili uambiwe simu yako ni ya muhimu sana kwao. Unamfunga mtoto zipu ya koti na simu iko begani, unapanda basi na muziki bado uko sikioni. Ukija kupokelewa, sauti ni ya upole kabisa: "Pole sana dada, nafasi za leo zimekwisha. Piga kesho saa 2."

Hajakuuliza hata unaumwa nini.

Hapo ndipo panaponichoma. Foleni hainitishi, sisi tumekua kwenye foleni. Na nyumbani sitapapamba kwa sababu tu niko mbali. Ada za matibabu kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini mpaka leo mtu anakaa kwenye benchi tangu alfajiri, jua linageuka, halafu anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Mama anayekwenda kujifungua anaambiwa aje na glavu zake na wembe wake. Watu wanapoteza maisha kwa mambo hayo. Ila kwenye lile benchi musawo, yaani mhudumu wa afya, anapita, anakuona. Mtoto akianza kutetemeka, yule mama aliyekutangulia ndiye atakayesema, "Mpisheni huyu aingie." Kwenye simu nani atakupisha? Hakuna anayemwona mtoto wako.

Sasa niwaambie lililotokea kwa dada yangu, naye anaishi hukuhuku. Mwanawe alikuwa likizo Arua kwa bibi yake. Amerudi vizuri, mnene, ana hadithi za maembe mpaka tukachoka. Baada ya siku chache homa ikampanda. Asubuhi ile nilimkuta kwenye kochi amejifunika blanketi mbili, meno yanagongana, ukimgusa shingo anaunguza, halafu kidogo anazitupa blanketi zote, jasho linamtoka. Kikombe cha chai kilimshinda kushika. Mtu yeyote wa Arua angesema kabla hajaketi: hiyo malaria, mpimeni mtoto.

Dada alipiga zahanati saa 2. Alipopokelewa akaeleza, akataja malaria kwa jina. Akaambiwa kuna mafua mengi mashuleni, ampe dawa ya homa, ampe maji, kama haijashuka apige kesho. Dada yangu si mtu wa kulia. Siku hiyo alilia, simu mkononi. Kwetu hata kituo cha afya cha kijijini wanakuchoma kidole, wanadondosha tone la damu kwenye kile kipande cha plastiki, na kabla hujamaliza kusalimiana na majirani jibu limetoka. Hapa tuko kwenye nchi tajiri, na tunaambiwa kesho.

Nikachukua simu nikapiga 111. Ishikeni namba hii, nyinyi mnaokuja na nyinyi wenye watoto huku: 111, ni bure, usiku na mchana. Ile ya kufa na kupona ni 999, lakini hii ya 111 ni ya mtu ambaye hajui aende wapi na hawezi kungoja. Sikuanza na salamu ndefu. Sentensi ya kwanza nilisema: mtoto ametoka Uganda hivi karibuni na ana homa kali. Yule mtu upande wa pili akabadilika palepale. Maswali yakaja moja moja, alikuwa sehemu gani, alimeza vidonge vya kinga, anakojoa, shingo inakunjika? Akasema mpelekeni hospitali idara ya dharura sasa hivi. Wakamtoa damu, ikawa malaria kweli. Alilazwa, akatibiwa, na wale wauguzi wa zamu ya usiku Mungu awalipe, walimhudumia kama inavyotakiwa. Leo anakimbia.

Wanaokwenda nyumbani likizo na kurudi, nisikieni vizuri. Malaria inaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya safari, na inaweza kumpata hata aliyemeza vidonge vya kinga. Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja tangu utoke kwetu, taja Uganda kwanza, kabla ya jina lako. Na upimwe siku hiyohiyo.

Baada ya hapo sikulala. Nilikaa nikasoma mkataba ambao serikali ya huku imewekeana na madaktari hawa wa familia. Na hili ndilo lililonifanya niwashe kamera leo. Tangu mwaka 2023 mkataba unasema mgonjwa akiwasiliana na zahanati, mara ya kwanza tu, lazima hali yake itathminiwe au aelekezwe pale anapoweza kuhudumiwa. Kumwambia mtu apige siku nyingine hairuhusiwi tena. Umesikia? Lile neno la "piga kesho" tunalolimeza kila siku kwa adabu, huku tunasema "asante sana", lilishaondolewa kwenye mkataba. Na tangu Oktoba 2025 zahanati zinatakiwa ziache njia ya kuomba kwa intaneti wazi tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 12 na nusu jioni, kwa mambo yasiyo ya dharura. Nazungumzia England hapa. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Sitawatupia lawama zote wale wa mapokezi. Daktari mmoja wa familia kwa wastani ana watu zaidi ya 2,000 kwenye orodha yake, na yule dada wa simu ndiye anayetukanwa tangu asubuhi kwa nafasi ambazo hakuzimaliza yeye. Wengine ni watoto wetu, wamekuja kusoma wanafanya kibarua. Lakini kuuliza "unaumwa nini" hakuhitaji daktari mwingine kuajiriwa.

Na kuna wanaoumia zaidi yetu. Mimi Kiingereza ninacho, nitabishana. Kuna mama mmoja wa Yumbe hapa, mtu mzima, aliletwa na mwanawe. Anajua Kiaringa na Kiswahili chake cha sokoni, basi. Mwanawe anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo, saa 2 asubuhi ndiyo kwanza anaweka kichwa kwenye mto. Mama alikaa na ganzi miguuni miezi mingi, ile mashine ya simu ikimwambia abonyeze moja, abonyeze mbili, anakata. Alipokwenda mwenyewe mpaka dirishani aliambiwa aje na mwanawe atafsiri.

Nikaenda naye. Nikasema tunaomba mkalimani wa Kiswahili, na tunaomba nafasi mbili pamoja, kwa sababu dakika 10 zikigawanywa na mkalimani zinabaki 5. Mkalimani ni haki ya mgonjwa na hailipiwi hata senti. Walisita, wakaangalia kompyuta, wakakubali. Siku yenyewe daktari aliweka simu katikati ya meza, kipaza sauti kimewashwa, na sauti ya kijana, kwa lafudhi nadhani ni mtu wa Tanzania, ikasema, "Shikamoo mama." Yule mama akakaa sawa kwenye kiti. "Marahaba, mwanangu." Kisha akaanza kueleza. Alisema mambo ya mwili wake ambayo asingeyatamka mbele ya mwanawe wa kiume hata umchape. Daktari akaandika, akapima, ikaonekana sukari iko juu sana. Ameanza dawa. Miezi yote ile ilipotea kwa sababu mtu alimwambia aje na mwanawe.

Mnaokuja kusoma mwezi wa tisa: ile ada ya afya mnayolipa pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na 1,035 kwa wengi wa watu wazima wengine, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3 za kwetu kwa uchache. Umeshalipa, si msaada unaopewa. Jiandikishe kwa GP wiki ya kwanza ukiwa bado mzima. Wakikwambia lete bili ya nyumba, lete pasipoti, jibu kwa upole kwamba kujiandikisha hakuhitaji kitambulisho, wala uthibitisho wa anwani, wala karatasi za uhamiaji. Utaratibu wa NHS wenyewe, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, unasema hivyo. Koo likikuuma, mtoto akiumwa sikio, au mkojo ukiunguza kwa wanawake, nenda duka la dawa. Tangu Januari 2024 mfamasia anaruhusiwa kukutibu mwenyewe bila barua ya daktari.

Na mnaotaka kuwaleta wazazi kutembea, kumwona GP ni bure hata kwa mgeni, idara ya dharura pia. Akilazwa tu, hesabu inageuka: mgeni anatozwa asilimia 150 ya gharama. Kateni bima ya safari kabla mzee hajapanda ndege, msingoje.

Ukizungushwa, andika saa uliyopiga na maneno uliyoambiwa, yaleyale, peleka kwa meneja wa zahanati kwa maandishi. Dada yangu ameandika. Wameomba radhi, na wamesema watu wa mapokezi watafundishwa kumwuliza kila mwenye homa kama ametoka safari. Tumewajibu tukaomba watutajie tarehe ya mafunzo hayo.